Usipime soko la ajira kwa baraza: kutafuta kazi Unguja na Pemba kwa daftari na kwa msimu

Baraza ni pahala pazuri pa kahawa na bao, lakini ni pahala pabaya pa kupimia soko la ajira. Waliokaa pale saa nne asubuhi siku ya Jumatatu ni wale ambao hawajapata. Waliopata wiki iliyopita wapo kazini, huwaoni. Kijana aliyemaliza masomo juzi akikaa nao wiki moja tu, huondoka na hesabu ya uongo kichwani: kwamba ukikosa kazi, basi unakosa mwaka mzima.

Chukua mtaa mmoja wa mfano. Kila mwezi watu 10 wanabaki bila kazi. Tisa wanapata nyingine baada ya mwezi mmoja, na mmoja anakaa miezi 12. Hali ikiendelea hivyo mwezi hadi mwezi, ukipita mtaani siku yoyote utawakuta watu 21: tisa wa mwezi huu, na 12 waliorundikana, mmoja mmoja kutoka kila mwezi wa mwaka uliopita. Zaidi ya nusu ya unaowaona ni wa muda mrefu, ilhali katika kila kumi wanaoingia, tisa wanatoka ndani ya mwezi. Wastani wa kukaa bila kazi ni miezi 2.1. Zidisha 10 wanaoingia kwa 2.1 utapata wale wale 21.

Hesabu hiyo ndogo ndiyo msingi wa mambo yote yanayofuata hapa. Wasio na kazi ni kama maji kwenye pipa lenye mfereji juu na tundu chini. Kiwango cha maji hakikwambii kitu mpaka ujue yanaingia kiasi gani na yanatoka kiasi gani. Wewe mtafuta kazi huwezi kuuziba mfereji wa juu, lakini kasi yako ya kutoka chini una sehemu ya kuiongeza, na sehemu hiyo inapimika.

Neno moja kuhusu takwimu, kwa sababu linawachanganya wengi. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, ILO, asiye na ajira ni mtu ambaye wiki ile hakufanya kazi ya kipato hata saa moja, yupo tayari kuanza, na ametafuta kazi ndani ya wiki nne zilizopita. Mama wa Paje anayeuza mwani wake amehesabiwa kuwa ana kazi. Kijana aliyekata tamaa akaacha kutafuta hahesabiwi kabisa kuwa hana ajira: ametolewa nje ya nguvukazi. Kwa hiyo kiwango cha ukosefu wa ajira kinaweza kushuka kwa sababu watu wamepata kazi, na kinaweza kushuka vile vile kwa sababu wamechoka kutafuta. Ukisoma asilimia gazetini, uliza ni ipi kati ya hizo mbili.

Wiki za mwanzo ni za thamani kubwa

Kadiri mtu anavyokaa muda mrefu bila kazi, ndivyo nafasi yake ya kutoka mwezi unaofuata inavyopungua. Hili limeonekana nchi nyingi, na lina sababu mbili zilizofungamana. Ya kwanza ni mchujo: wenye ujuzi unaotafutwa hutoka mapema, wanaobaki ni wale ambao tangu mwanzo njia yao ilikuwa nyembamba. Ya pili ni muda wenyewe kumla mtu: mkono unasahau kazi, nguo za usaili zinachakaa, marafiki wa kazini wanaacha kupiga simu, na mwajiri akiona pengo kwenye wasifu anaanza kushuku.

Hiyo shaka ya mwajiri imepimwa. Nchini Marekani watafiti Kroft, Lange na Notowidigdo, katika kazi waliyoitoa mwaka 2013, walipeleka kwa waajiri wasifu zipatazo 12,000 za watu wa kubuni, zikitofautiana urefu wa muda bila kazi. Simu za kuitwa zilipungua kadiri muda ulivyorefuka, na sehemu kubwa ya kushuka huko ilitokea ndani ya miezi minane ya mwanzo. Pale ambapo kazi zenyewe zilikuwa haba kwa wote, pengo halikuwadhuru watu sana kama kwingineko, maana mwajiri alijua kosa si la mtu.

Kwa hapa Visiwani maana yake ni mbili. Usijipe "mwezi wa kupumzika" baada ya mkataba kwisha, hata kama una akiba. Na usiache pengo tupu. Ukimsaidia ami yako dukani Darajani asubuhi tatu kwa wiki, iandike kwenye wasifu kwa jina lake: kuuza, kupokea mzigo, kuhesabu stoo, kuanzia mwezi fulani hadi fulani. Kuchuma karafuu kwa kibarua, kushona, kufundisha tuisheni, kusimamia mwani wa familia, vyote ni kazi na vyote vinaziba pengo kwa haki. Hakuna haja ya kudanganya.

Hesabu ya milango

"Mlango" hapa una maana moja tu: mtu mwenye sauti ya kuajiri, au anayekaa naye karibu, amejua jina lako, kazi unayoiweza na namba yako ya simu. Bahasha uliyomwachia mlinzi getini si mlango. Tangazo ulilolisoma ukalipitisha kwenye kundi la WhatsApp si mlango.

Tuseme kwa kazi unayoitafuta, kila milango 20 inakupa usaili mmoja, na kila saili nne zinakupa kazi moja. Basi kazi moja ni milango 80 kwa wastani. Anayegonga miwili kwa wiki anahitaji wiki 40. Anayegonga 10 anahitaji wiki 8. Ujuzi ni ule ule, bahati ni ile ile, tofauti yao ni miezi saba na zaidi.

Tahadhari na neno wastani. Ukigonga milango 80 kwa uwezekano huo, nafasi ya kuwa umepata walau kazi moja ni kama 63 katika 100, si 100. Ukitaka nafasi ya tisa katika kumi unahitaji milango kama 183, yaani wiki 18 au 19 kwa milango 10 kila wiki. Kwa hiyo akiba yako ya nauli na simu ipange kwa miezi minne na nusu, siyo miwili. Wengi huacha kwenye mlango wa hamsini wakiamini wamekataliwa na soko zima, na kwa hesabu hii hii, zaidi ya nusu ya watu wanakuwa bado hawajapata wakifika hapo. Hawana kasoro yoyote.

Daftari lenyewe

Nunua daftari la skuli la kurasa 48. Simu inafaa, lakini karatasi haiishi chaji na unaiona mbele yako. Piga mistari upate safu sita: tarehe, mahali, nimemwona nani na cheo chake, nimefikaje (kwa mtu, kwa geti, kwa tangazo, kwa simu), amejibu nini, tarehe ya kurudi. Safu ya sita ndiyo inayoachwa tupu mara nyingi, na ndiyo inayoleta kazi. "Rudi mwezi ujao" bila tarehe ni kwaheri. Uliza hapo hapo: "Nikija Jumanne ya tarehe 9 saa tano, nitakukuta?" Andika mbele yake.

Kila Jumamosi jioni panga wiki inayofuata: siku gani, saa ngapi, mlango gani, kwa njia gani. Afrika Kusini jambo hili lilijaribiwa kwa vijana wasio na kazi, na matokeo yakatoka mwaka 2019. Waliojaza mpango wa kina wa kutafuta kazi hawakutumia saa nyingi zaidi kuliko wenzao, lakini walituma maombi zaidi kwa asilimia 15, wakapewa nafasi za kazi zaidi kwa asilimia 30, na walioingia kazini wakaongezeka kwa asilimia 26. Mpango uliwafanya wachanganye njia, wasikae kwenye ile moja waliyoizoea. Kwetu njia iliyozoeleka ni kumtegemea ndugu mmoja mwenye cheo, na akisema "ngoja", tunangoja.

Baada ya wiki nne, lisome daftari. Ukikuta milango minane tu, dawa ni miguu, usiguse kitu kingine. Ukikuta milango 40 na hakuna aliyekuita, tatizo lipo kabla ya usaili: ama wasifu, ama unagonga milango ya kazi isiyokuwa yako. Ukikuta milango 40 na saili sita bila kazi, wasifu wako ni mzuri na tatizo lipo ndani ya chumba: lugha, kuchelewa, au swali la mshahara. Na ukikuta njia moja, tuseme ya geti, imekula milango 30 bila hata simu moja, huku milango mitano ya kupitia watu imeleta simu mbili, basi wiki ijayo geuza uzani. Bila daftari mambo haya manne yanaonekana kama jambo moja: "kazi hakuna".

Bahasha na barua ya mtu aliyekuona ukifanya kazi

Karatasi ziwe tayari kabla ya kutoka: Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya skuli na vya amali, barua ya sheha, picha ndogo nne. Kazi za jikoni na za kuhudumia chakula huulizwa cheti cha kupimwa afya. Toa nakala seti tano, na piga picha safi ya kila karatasi uiweke katika faili moja la PDF lenye jina lako, si "scan 0047". Barua ya sheha ukiiomba wiki ile ile unapoitwa, utachelewa: sheha ana misiba, vikao na safari kama watu wengine.

Wasifu uwe ukurasa mmoja. Mistari mitatu ya juu ndiyo inayosomwa: kazi unayoiweza, muda uliofanya, lugha unazozungumza. "Mhudumu wa vyumba, misimu miwili, vyumba 14 kwa zamu, Kiingereza cha kuelewana, Kiitaliano cha salamu" inasema zaidi ya aya nzima ya "mchapakazi mwenye kujituma". Anayegonga milango ya Kiwengwa, ambako Waitaliano ni wengi, sentensi 40 za Kiitaliano alizozihifadhi vizuri zina uzito kuliko cheti cha pili cha kompyuta.

Lakini kitu ninachoona kinadharauliwa kuliko vyote ni barua ya mwajiri wa zamani. Afrika Kusini tena: watafuta kazi walioambatanisha barua ya aina hiyo waliitwa zaidi kwa asilimia 60, na faida ilikuwa kubwa hasa kwa wanawake. Kama nguvu ile ile ingefanya kazi hapa, milango 80 ya mfano wetu ingeshuka hadi 50. Barua haigharimu kitu, na bado wengi hawaiombi kwa haya.

Iombe siku ya mwisho ya mkataba, bosi angali anakukumbuka. Usimwachie kazi ya kutunga, mpelekee rasimu ya mistari sita airekebishe kwa maneno yake: jina lako na cheo; kutoka lini hadi lini; kazi tatu ulizozifanya hasa; kitu kimoja kinachohesabika (vyumba, meza, siku bila kukosa zamu); kwa nini umeondoka, mfano msimu umekwisha; na namba ya simu ya bosi mwenyewe. Barua isiyo na namba ya simu haina kazi, maana anayeajiri anataka sauti, na karatasi yoyote inaweza kuchapwa dukani. Aliyekuwa hajawahi kuajiriwa aiombe kwa mwalimu wa amali, kwa fundi aliyemfundisha, au kwa msimamizi wa mafunzo kwa vitendo.

Watu wa mbali kidogo

Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha matokeo ya uchunguzi wake kwa wanaume wa kazi za kitaalamu karibu na Boston. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara, asilimia 55.6 waliwaona mara moja moja, na asilimia 27.8 kwa nadra. Sababu ni rahisi: ndugu na marafiki wa karibu wanajua kile unachokijua wewe. Mliokaa baraza moja mna habari moja. Anayejua nafasi usiyoijua ni yule aliyesoma na wewe darasa la sita halafu akahamia Jambiani, dereva wa gari ya wageni, muuza samaki anayepeleka pweza hotelini, fundi wa viyoyozi anayezunguka hoteli kumi kwa mwezi.

Keti saa moja uandike majina 30 ya watu wa namna hiyo. Wapelekee ujumbe mmoja mmoja, kamwe usiurushe kwa wote kwa pamoja. Uwe mfupi, uwe na kazi mahususi, na uombe habari, usiombe kazi:

"Asalaam aleikum kaka, mimi ni … wa Chaani, tulisoma pamoja Mkokotoni. Msimu uliopita nilikuwa upande wa mezani, hoteli ya Matemwe, mkataba umekwisha mwezi wa tatu. Hapo ulipo, anayeshughulikia wafanyakazi wapya wa msimu wa Juni ni nani, na anapatikana siku gani? Nashukuru."

Ukimwandikia "nitafutie kazi yoyote" umemtwika mzigo asiokuwa na pa kuuweka. Ukimwuliza nani na lini, anajibu kwa dakika moja. Akikupa jina, mrudishie habari ndani ya siku mbili: ulikwenda, ukamkuta, akasema nini. Asiyepewa habari hatoi jina la pili.

Geti la hoteli

Mlinzi ndiye mtu wa kwanza na ndiye anayejua mengi. Msalimie kwa heshima ya umri wake, usimpe bahasha mkononi bado. Muulize: "Anayehusika na wafanyakazi anaitwa nani? Leo yupo? Saa ngapi hana wageni?" Andika jina. Kama hayupo, ondoka na bahasha yako urudi saa uliyoambiwa. Bahasha zinazoachwa getini hukaa kwenye mtoto wa meza mpaka mvua ya masika izilowanishe.

Saa zina maana kubwa. Mkuu wa vyumba huwa mbioni kuanzia wageni wanapotoka asubuhi hadi saa nane mchana, kwa hiyo mfuate baada ya saa tisa. Mkuu wa jikoni na wa mezani wanapumua kati ya saa tisa na saa kumi na moja, chakula cha mchana kimekwisha na cha usiku hakijaanza. Ofisi ya utumishi inafaa Jumanne hadi Alhamisi, saa nne hadi saa sita. Ijumaa watu wanajitayarisha kwa sala, na siku tatu za mwisho wa mwezi wapo kwenye mishahara. Anayepanda daladala ya Nungwi saa nne akafika saa sita ameshaikosa ofisi ya siku ile. Panda ya alfajiri, anza na hoteli ya mbali kabisa, kisha rudi kwa miguu ukipita geti moja moja. Milango mitano kwa nauli moja.

Vaa kama mtu anayeweza kuanza leo. Mara nyingine hilo ndilo swali: "Unaweza kubaki ujaribiwe?" Mwenye viatu vya kufunga na suruali nyeusi anasema ndiyo.

Kalenda ya Visiwani

Kosa kubwa kuliko yote ni kutafuta kwa nguvu mwezi usiofaa na kupumzika mwezi unaofaa. Wageni hujaa kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Oktoba, wakati wa kusi, na tena Disemba hadi Februari wakati wa kaskazi. Aprili na Mei, masika, vyumba huwa vitupu, baadhi ya hoteli hufunga kwa ukarabati na mikataba mingi ya muda hukoma. Mfereji wa juu wa pipa hufunguka wote kwa pamoja: watu wengi wanaingia barazani wiki zile zile.

Lakini hoteli haiajiri siku mgeni anaposhuka kiwanja cha ndege. Inaajiri wiki tatu hadi sita kabla, ili imfundishe mtu. Kwa hiyo dirisha lako la kwanza ni katikati ya Mei hadi katikati ya Juni, na la pili ni Novemba. Panga milango 15 kwa wiki katika madirisha hayo hata kama nauli inauma, na punguza hadi sita wakati wa masika, kabla ya dirisha la Mei kufunguka. Wakati wa masika tumia siku kwa barua, lugha na kozi fupi. Ramadhani husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo angalia inaangukia wapi: ofisi hufungwa mapema, gonga asubuhi, na kumbuka kwamba siku kumi za mwisho maduka ya nguo mjini huhitaji vibarua wa kuuza kuelekea Sikukuu.

Kwa anayelima mwani, kalenda ni ya bahari. Maji ya bamvu ndiyo ya kushuka shambani; maji mafu yanapokuja, shamba halifikiki vizuri na siku zile ni zako za kugonga milango. Zao linachukua kama wiki sita, na linaweza kukusubiri siku mbili, si wiki mbili. Pemba nako, wakati wa karafuu kibarua cha kuchuma hulipa kwa pishi au kwa kilo, na ni pesa ya haraka. Chukua, lakini weka kando sehemu yake kwa nauli ya boti ya Unguja, maana Novemba inapofika wengi wamebaki na deni la duka.

Kuvuka kutoka Pemba

Safari ya kutoka Mkoani au Wete ni ghali, na anayevuka bila orodha huimalizia safari kwenye kochi la mjomba Mwanakwerekwe akingoja kutambulishwa. Usivuke mpaka daftari lina majina 12 uliyoyapata kwa simu ukiwa bado Chake Chake, manne kati yao yakiwa na siku na saa. Panga siku nane: tatu za kaskazini, mbili za kusini mashariki, mbili za mjini na Fumba kwenye ujenzi, moja ya akiba.

Addis Ababa vijana wa pembezoni mwa mji walipewa nauli ya kwenda katikati kutafuta kazi, na kundi lingine likapewa mafunzo ya kuandika maombi, kujieleza kwenye usaili na kupimwa ujuzi kwa cheti. Mwanzoni makundi yote mawili yalipata kazi rasmi zaidi ya wenzao. Baada ya miaka minne, faida ya nauli ilikuwa imepotea, ya mafunzo ilibaki, na mishahara ya kundi lile ilikuwa juu. Kwa hiyo ukiwa na pesa ya safari mbili tu, toa moja uitumie kwanza kujifunza kujieleza, hata kwa mwalimu wa mtaani, kisha vuka na hiyo ya pili.

Kuisubiri serikali

Nafasi za serikali hutangazwa na Tume ya Utumishi Serikalini na maombi hupita mfumo wa mtandaoni wa ZanAjira. Jisajili, pakia vyeti vilivyo wazi, hakikisha jina kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na cheti cha skuli linafanana herufi kwa herufi, maana "Khamis" na "Hamisi" ni watu wawili mbele ya mfumo. Kisha endelea na milango mingine. Kungoja kazi ya serikali tu, miaka miwili bila kitu kingine, ni kukaa foleni moja yenye watu wengi kuliko zote ukiwa umefunga nyengine. Fundi wa viyoyozi au wa pampu aliyetoka Mafunzo ya Amali, Mwanakwerekwe au Vitongoji, anaitwa masika na kiangazi. Ombi lake la serikali linaendelea kusubiri huku akifanya kazi.

Kukubali au kukataa

Kabla ya kwenda usaili, andika kiwango cha chini utakachokubali, baada ya gharama. Tuseme hoteli ya mbali inatoa 400,000, na nauli ni 5,000 kwa siku. Siku 26 ni 130,000. Chakula cha mchana 3,000 kwa siku ni 78,000. Mkononi inabaki 192,000. Nyengine inatoa 320,000 na gari ya wafanyakazi na chakula. Ya pili inakuzidishia 128,000, na saa mbili za kulala. Bakhshishi usiitie kwenye hesabu. Msimu wa mvua haipo.

Kiwango hicho cha chini kishushe kidogo kidogo kwa ratiba uliyoiandika mapema, mfano kila baada ya wiki sita, usikishushe siku ya njaa. Anayekataa kila kitu wiki 30 kisha akakubali lolote wiki ya 31 amepoteza pande zote mbili.

Anayekuomba pesa ili akupe kazi, iwe "ya fomu", "ya sare" au "ya viza ya Arabuni", mfunge ukurasa. Mwajiri wa kweli anakulipa mshahara baada ya kazi, hakutozi kabla yake. Pasi ya kusafiria usimwachie mtu hata usiku mmoja. Anayetaka kwenda nje apeleke mkataba kwa ofisi ya serikali inayoshughulikia kazi usomwe kabla ya kutia saini.

Siku ya kwanza kazini

Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya mwaka 2005, ndiyo inayotawala mkataba wako. Uombe kwa maandishi na utafute vitu vitano: cheo, mshahara kabla ya makato, saa na siku ya mapumziko, muda wa majaribio, na tarehe ya kwisha. Uliza kama jina lako litapelekwa ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, na baada ya miezi miwili nenda mwenyewe ukahakikishe michango inaingia.

Wanaoondoka kazini wengi huondoka miezi ya mwanzo. Tundu la chini na mfereji wa juu vipo karibu sana. Mara nyingi sababu huwa ndogo: kuchelewa mara tatu, simu mfukoni mbele ya mgeni, kukosa zamu bila kutoa taarifa. Kwa hiyo lala karibu na kituo mwezi wa kwanza kama unaweza, hata kwa kukodi kitanda na mwenzako.

Na daftari usilitupe. Wapigie waliokupa majina uwaambie umepata. Kisha fungua ukurasa wa wiki ya kwanza ya Februari, andika: "Kuomba barua ya bosi, kuuliza nani anabaki masika."